Kipembe Kimoja cha Baruti

Siku mhunzi Papa Magloire alipowakabidhi lile gobori, hakuanza na Munyakazi. Alianza na mkewe, Emérita, akamwekea kipembe mkononi.

Kilikuwa ncha ya pembe ya mbuzi, imekatwa na kusuguliwa mpaka ikawa laini, na ndani yake kidole cha mtu mzima kisingepita. Emérita alikigeuza huku na huku akidhani ni cha kumnyweshea dawa bintiye, Umwali. Mhunzi akacheka. Emérita na mumewe walikuwa wametoka milima ya Masisi, wakateremka kwa miguu hadi upande wa Walikale, kule msitu unakoanza kuziba njia, kwa sababu nguruwe wa porini walikuwa wamewamalizia mihogo msimu mzima. Na kila mkulima aliyekuwa na akili zake alijua kwamba gobori la kutumainiwa lilitoka kwa Papa Magloire.

"Mama Umwali," mhunzi alisema, "bunduki bwana yako ataikamata. Lakini baruti, ni weye njo utaipima. Kwenu iko vile, si ndiyo?"

Kwao ilikuwa vile kweli. Watu wa vilima vya juu ya Kashuga walikuwa wamejifunza kwa taabu kwamba bunduki na baruti havifai kukutwa chini ya paa moja. Wenye silaha wa kundi lolote lile wakiingia kwako na kuvikuta vyote viwili, wanakuita askari wa kundi jingine, na hapo hakuna maelezo yatakayokuokoa. Basi bunduki ikawa ya mume, anaificha anapojua mwenyewe, migombani au kwenye shimo la zamani la mihogo. Baruti ikawa ya mke. Anaichimbia ndani ya chungu cha maharage, na mume akitaka kwenda kuvizia, mke humfungia kiasi cha mlio mmoja katika jani kavu la mgomba, anakunja na kukaza vile vile anavyofunga chumvi. Mume akifika shambani anafungua, anamimina, anashindilia. Hapimi. Ukiwauliza wanaume wa pale watakwambia hiyo ni kazi ndogo ya wanawake. Wanaume husema mambo mengi.

"Sikiliza muzuri," aliendelea Papa Magloire. "Tia kidole mu mututu. Unasikia? Iko laini, haina mistari ndani. Risasi haizungukake, inatoka tu na kutawanyika. Sasa hapana kudanganyika kusema baruti mingi itaipeleka mbali. Kwa nguruwe, kipembe moja, sawasawa na mulomo yake, bila mulima juu. Weka jani, shindilia. Weka risasi, weka jani ingine, shindilia tena. Na bwana yako asogee karibu, apige nyuma ya bega. Kufukuza nyani, nusu inatosha. Lakini nguruwe, hapana kumuwekea nusu. Nusu inamukasirisha tu."

"Na kama baruti imelowa?" Munyakazi aliuliza.

"Unaanika. Hakuna jua, unangoja." Mzee akatema mate kando. "Najua nyie batu ba kule juu munaongezaka eti sehemu ya mvua. Mvua gani inanyeshaka mu mututu? Angalia kule."

Juu ya mlango wa karakana yake kulikuwa kumening'inia mtutu uliopasuka, chuma kimefunguka kama ganda la ndizi. Mwenye mtutu ule, alieleza, aliona baruti yake haina nguvu msimu wa mvua, akaongeza nusu juu ya kipimo. Kumbe siku hiyo baruti ilikuwa kavu kabisa. Chuma hicho kilirudishwa kwa Papa Magloire na mjane wa mtu huyo, na mzee alikitundika pale ili kila mnunuzi akione kabla ya kuondoka.

Emérita alikiangalia sana. Ndiye aliyekiangalia, si mumewe, kwa sababu Munyakazi alikuwa ameshaanza kulenga miti.

Miaka ilipita na gobori lile likawafaa. Nguruwe akija, Emérita anafunga, Munyakazi anakwenda, kilima kinatikisika kwa mlio mmoja, na jioni kila jirani anakula nyama. Munyakazi akapata jina. Alikuwa mtu mpole, mwimbaji wa kwaya, asiyejisifu kwa lolote isipokuwa hilo moja: hakuwahi kupiga mara mbili. Mkewe alimtania kwamba hawezi kupiga mara mbili kwa kuwa kujaza gobori tena kunachukua muda wa kupika ugali. Yeye anacheka, lakini jina analipenda.

Halafu wakaja wenye silaha, wale wa juu. Hakuna aliyewaita kwa jina lao, maana majina yao yalibadilika na kulitaja jina la jana kulikuwa hatari. Walikaa kwenye mgongo wa kilima, mahali ambapo mtu anaona mabonde yote mawili, na kila mlio wa bunduki uliotoka chini walitaka kujua ni wa nani. Jérémie, jirani yao wa ng'ambo ya mto, alipiga nguruwe asubuhi moja. Kabla nguruwe hajachunwa walikuwa wameshashuka. Walichukua nyama, bunduki, na Jérémie mwenyewe awabebee nyama. Nyama bila shaka waliila. Jérémie hakurudi, na mkewe alikaa akingoja hadi akaacha kuwauliza wapita njia.

Tangu hapo kilima kikanyamaza. Hata kuitana kwa sauti kutoka shamba hadi shamba kukakoma, ule wito mrefu wa watu wa milimani ambao zamani uliweza kuleta chumvi kutoka nyumba ya tatu. Ukimtaka mtu, unamwendea. Watoto walifundishwa kulia kwa chini. Nguruwe peke yao hawakufundishwa chochote, wakafanya sherehe.

Mwaka huo walianza na mihogo ya bondeni, wakapanda hadi kwenye viazi, na mwisho wakaingia katika maharage, wakiyafukua na kuyalaza chini. Munyakazi alisimama katikati ya shamba na kofia mkononi kama mtu aliyefika msibani.

"Yakiisha haya, tunarudi mu kambi," alimwambia mkewe.

Kambi Emérita aliijua. Walikuwa wamekaa katika ile ya Kitshanga chini ya turubai miaka ya vita vya nyuma, na pale pale walimzika Guy, mtoto wao wa kwanza, aliyekufa kwa kuhara. Munyakazi hakuwahi kulisema jina la mji ule tangu waliporudi kwenye ardhi yao. Kama sasa alikuwa amelitamka neno kambi, basi moyoni alikuwa ameshafika mwisho.

"Kesho alfajiri nitamungojea ile kubwa," alisema. "Unifungie."

"Na bale ba juu?"

"Mulio moja tu, Mama Umwali. Mulio moja, naficha bunduki, narudi kwenye jembe. Watajua ni nani?"

"Jérémie alipiga mingapi?"

Munyakazi akamshika bega mkewe, akaenda kumtazama mbuzi.

Jioni, jua likiwa bado juu ya migomba, Emérita aliufunga mlango, akamwaga maharage kwenye ungo na kukitoa kibuyu cha baruti. Alijaza kipembe sawasawa na mdomo wake kama siku zote. Halafu akakaa nacho mkononi. Alijua mlio wa kipembe kizima: ulikuwa unavuka mabonde yote mawili na kuwatoa ndege mitini. Mlio wa nusu, ule wa kufukuzia nyani, aliujua pia. Ule ulikuwa kikohozi tu. Mtu wa juu angeweza kudhani ni gogo limeanguka. Alimwona Munyakazi akitembea na kichwa cha nguruwe begani, mbele ya vijana wenye bunduki, akipanda, asigeuke nyuma.

Maneno ya Papa Magloire aliyakumbuka, tusimsingizie kwamba alisahau. Aliyakumbuka yote na akabishana nayo. Alisema moyoni kwamba mzee yule anaishi msituni ambako hakuna mtu wa kumsikiliza. Kwamba Munyakazi husogea karibu kuliko wawindaji wote. Kwamba karibu vile hata baruti kidogo itatosha. Akarudisha kibuyuni karibu nusu. Na kwa kuwa mumewe angeweza kuhisi wembamba wa kifurushi, alikikunja katika majani mawili badala ya moja. Alimpenda mume wake. Ndiyo sababu aliifanya kazi ile kwa ustadi namna hiyo.

Alfajiri ukungu ulikuwa umelala bondeni. Emérita alikuwa akichochea moto aliposikia mlio, na ulikuwa kama alivyotaka, mdogo, mzito, hauendi mbali. Alipumua kwa furaha. Nataka hilo lijulikane, kwamba kwa kitambo kifupi alifurahi. Halafu ikafuata sauti ya mumewe, sauti ambayo hakuwahi kuisikia, na hiyo ndiyo iliyokwenda mbali.

Risasi zilikuwa zimeingia kwenye mafuta ya bega la nguruwe zikaishia humo. Mnyama akageuka. Munyakazi, na gobori lake tupu mkononi, alichanwa paja kwa meno ya mnyama yule, akarushwa juu ya matuta yake mwenyewe. Darius, mdogo wake, aliyeishi ng'ambo ya mto, ndiye aliyefika kwanza. Alimbeba kaka yake wakati nguruwe ameshajitupa kwenye kichaka cha bondeni, na kabla ya chochote akaficha bunduki.

Njia ya kwenda hospitali ilikuwa imefungwa kwa mapigano. Walimwita Dada Anastasie, muuguzi aliyekuwa akitibu watu nyumbani kwake kwa dawa chache alizokuwa nazo. Aliosha jeraha, akalishona alipoweza kushona, akasema mahali pengine ni pa kina kirefu mno na hapendi rangi yake. Mama wa Munyakazi na Darius, Nyiransengimana, bibi mrefu aliyenyooka ambaye hakuwahi kumpandishia sauti mkaza mwanawe, alikaa kichwani pa kitanda akimfukuzia mwanawe nzi.

Munyakazi alipopata fahamu sawasawa, neno lake la kwanza lilikuwa la baruti.

"Baruti ilikohoa," alisema. "Sikusikia hata bega kusukumwa. Mama Umwali, iko kavu ile baruti?"

Chumba kilikuwa kimejaa. Darius alikuwepo, mkewe Myriam, Anastasie na vibakuli vyake, mama mkwe, wanawake wawili wa kanisani. Wote wakamtazama Emérita, na hakuna aliyemtazama kwa ubaya. Mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa.

"Labda imeshika unyevu," alisema. "Juu ya hii mvua."

"Njo vile," Munyakazi akasema, akafumba macho. "Si kosa yako. Hii mvua imezidi."

Ungeona uso wake ulivyotulia. Alikuwa ameogopa kwamba ni jicho lake, au mkono, au uzee umeanza, na sasa alikuwa amepewa mvua ya kulaumu. Emérita alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba, akajiambia kwamba amempa mgonjwa faraja. Kila mtu ana njia yake ya kujidanganya, na hiyo ilimtosha mpaka jioni.

Homa ilikuja na haikutoka. Jeraha lilianza kunuka. Siku Munyakazi alipojua mwenyewe kwamba hatasimama tena, alimwita Darius akamshika mkono.

"Ile nguruwe iko hai," alisema. "Iko mule mu bonde, na iko na kidonda. Nguruwe ya kidonda haikimbiake batu tena, inabafuata. Itaua mwanamuke huko kwenye maji. Mi njo niliiharibu. Uimalize."

"Nitaimaliza, kaka."

"Chukua bunduki yangu. Baruti ile iko na maji, usiitumainie. Weka ya mvua. Kipembe moja na nusu. Umesikia? Moja na nusu, na ushindilie nguvu."

"Moja na nusu," Darius akasema.

Emérita alikuwa pale pale, akikamua kitambaa juu ya beseni. Alikikamua mpaka hakikuwa na tone, akaendelea kukikamua. Ule mtutu uliopasuka ulimjia mbele ya macho na kona zake zote. Alijua, katika chumba kile yeye peke yake ndiye aliyejua, kwamba baruti katika chungu chake ilikuwa kavu kama unga wa mwaka jana. Akasema moyoni: nitamwambia Darius peke yake, baadaye, nje. Au sitamwambia, nitampimia mwenyewe kimoja tu na yeye adhani ni kimoja na nusu. Hilo la pili lilimpendeza zaidi, maana halikuhitaji maneno.

Munyakazi alikufa akiwa ameshika kidole cha mkewe. Walimzika wakiimba kwa chini, wimbo wa kwaya yake mwenyewe ukiimbwa kama watu wanaombembeleza mtoto, kwa sababu ya wale wa juu. Hapo Emérita alilia kwa uchungu wa kweli, na watu waliomwona walisema ndoa ile ilikuwa ndoa.

Ila mjane wa ukoo ule, matanga yakiwa hayajaondolewa, haruhusiwi kugusa silaha wala kitu cha silaha. Nyiransengimana alikuja na ungo, akamwaga maharage, akakitoa kibuyu na kipembe, akavifunga katika kitenge chake. Alifanya hivyo kwa upole, ili kumwondolea mkaza mwanawe mzigo. Ndivyo ile njia ya pili, ile isiyohitaji maneno, ilivyofungwa.

Bado Emérita alinyamaza. Darius hakuwa na haraka, matanga yalikuwa na kazi zake, na nguruwe labda amekufa kichakani. Akaanza kumwombea mnyama yule afe. Katika maombi ya familia, mikono ikiwa imeunganishwa, yeye alikuwa anamwombea nguruwe kifo.

Nguruwe hakufa. Mchana mmoja, wanawake wakichota maji, alitoka kwenye kichaka akawaingilia. Wengine walirukia majini. Myriam alianguka, mkono ukavunjika juu ya kiwiko, na kama si ndoo yake iliyombabaisha mnyama, tungekuwa tunasema mengine. Walimleta uani kwa Emérita kwa kuwa Anastasie alikuwa huko. Darius alimwangalia mkewe, akaenda migombani, akarudi na gobori limefunikwa kwa mkeka.

"Mama, nifungie," alisema.

Nyiransengimana aliketi kwenye kigoda katikati ya ua, mbele ya watu wote, akafungua kitenge. Alitandika jani. Alijaza kipembe mpaka juu akakimimina, kisha akakijaza hadi nusu akakimimina tena. Mikono ya bibi ilikuwa imara. Emérita, kwenye mkeka wa wafiwa, aliiona baruti ikitiririka chembe moja moja, haishikani, haigandi hata kidogo mdomoni pa pembe. Mtu yeyote aliyewahi kupima baruti angeona. Lakini aliyewahi kupima katika nyumba ile alikuwa yeye tu.

"Moja na nusu," bibi alisema, "sawa vile alisema." Hayo yalikuwa maneno ya mwanawe. Akakunja jani na kulibusu.

Darius akalichukua, akaondoka.

Emérita alijiambia kwamba Papa Magloire ni fundi mkubwa, chuma chake kitavumilia. Alijiambia kwamba Darius hana mazoea, labda atamwaga nyingine. Alijiambia kwamba akisema sasa, mama yule atajua mwanawe alikufa kwa nini, na Umwali atakua akiitwa mtoto wa nani, na kwenye ardhi hii watamwondoa. Hayo ya mwisho yalikuwa kweli. Myriam alilia kwa sababu Anastasie alikuwa anauvuta mkono wake, akaliita jina la mumewe. Emérita akasimama.

"Mama Umwali, unaenda wapi? Kaa," alisema mmoja wa wanawake wa kanisani.

Alipita kati yao. Alivuka ua, akafika ukingoni mwa shamba, mahali ambapo kilima kinakatika na bonde lote linaonekana. Alifikiri atamkuta Darius bado kwenye njia. Lakini Darius alikuwa ameshavuka mto. Alikuwa ng'ambo, amepiga goti nyuma ya tuta, mdogo kwa umbali, na tayari alikuwa anavuta fimbo ya kushindilia kutoka mdomoni mwa mtutu. Mbele yake majani ya kichaka yalikuwa yanatikisika. Kumfikia kwa miguu ilikuwa kushuka bonde lote na kulipanda.

Hapakuwa na namna nyingine. Emérita aliweka mikono mdomoni akaita, ule wito wa zamani, kwa pumzi yote.

"Dariuuus! Hapana kupiga!"

Alimwona akishtuka na kugeuka. Alimwona akimpungia mkono chini, chini, kwa hasira: nyamaza, wamesikia! Kisha akamgeuzia mgongo na kuinua bunduki. Bila shaka alidhani mjane anaogopa mlio. Lilikuwa wazo la busara, na lingemuua.

"Baruti ni kavu!" Emérita akaita. "Haikulowa! Haikulowa hata siku moja! Ya Papa Umwali ni mimi nilipunguza! Unasikia, Darius? Ni mimi nilimuwekea nusu! Hiyo yako itapasuka!"

Kilima cha ng'ambo kikayapokea maneno na kuyarudisha, kwanza jina la Darius, kisha lile neno nusu. Mashambani, juu na chini, majembe yalisimama. Watu waliokuwa wamenyamaza mwaka mzima walinyanyua vichwa, na hakuna aliyekuwa mbali vya kutosha asisikie. Juu kabisa, kwenye mgongo wa kilima, mtu mmoja alitokea, akasimama akitazama bondeni. Akaja wa pili.

Darius aliteremsha gobori polepole, akalilaza ubavuni mwa tuta kama mtu anayelaza mtoto aliyelala. Nguruwe alitoka upande wa pili wa kichaka akatokomea kwenye mianzi, akichechemea.

Emérita hakugeuka, kwa kuwa alijua nyuma yake ua mzima umesimama. Hata Myriam alikuwa ameacha kulia. Alimngoja Darius apande. Alipofika alikuwa na bunduki ndani ya mkeka na uso wa mtu aliyeamshwa na maji baridi. Hakumwangalia. Alimpita, akasimama mbele ya mama yake, akatumbukiza fimbo ndani ya mtutu wenye baruti ile. Fimbo ilikuwa na alama ya Papa Magloire, pale inapopaswa kufika bunduki ikiwa imejazwa vizuri. Alama ilisimama juu sana, nje ya mdomo wa chuma.

"Ingenipasukia mu uso, Mama," alisema.

Nyiransengimana aliitazama alama ile. Halafu alinyanyuka kwenye kigoda, akaja hadi ukingoni mwa shamba, akasimama karibu na Emérita. Pamoja waliwaona watu wa juu wakianza kushuka, bila haraka, mmoja nyuma ya mwingine.

"Ulimuwekea nusu," bibi alisema.

"Nilikuwa naogopa bale. Sikutaka basikie."

"Alijua?"

"Hapana, Mama. Hakujua."

Bibi alitikisa kichwa. Machozi yalimshuka na hakuyafuta. Aliendelea kuitazama njia, ambako wale wa juu walikuwa wamefika kwenye migomba ya kwanza.

"Mutoto wangu," alisema. "Alikufa anakasirikia mvua."